VIPURI VYA NDANI VYA PORSCHE 911 ZA KALE
Tarehe iliyo nyuma ya mita ndiyo inayopanga bei

Mwaka 1972 mteja wa Ujerumani Magharibi aliyeagiza Porsche 911 Carrera RS 2.7 alitozwa mark (DM) 34,000 kwa gari lenyewe. Akitaka toleo la Touring, lenye saa, zulia nene, viti vya nyuma na starehe nyingine za ndani, aliongeza DM 2,500. Akitaka toleo la Sport, ambalo lilivuliwa vitu hivyo ili lipungue uzito hadi kilo 960 badala ya 1,075 za Touring, aliongeza DM 700 tu. Leo hesabu hiyo imegeuka juu chini. Mnadani, lile lililokuwa na vitu vichache zaidi ndani ndilo linalonunuliwa kwa bei kubwa zaidi.

Sababu ni uhaba. Hadi Julai 1973 kiwanda kilikuwa kimetoa magari 1,580 ya aina hiyo, na kati ya hayo Touring yalikuwa 1,308 na Sport 200. Mwenye Touring anajua kwamba tofauti kubwa kati ya gari lake na lile la jirani iko ndani: viti vyepesi vya Recaro, paneli nyembamba za milango zenye ukanda wa ngozi wa kuvutia, na kifuniko kidogo kilichoziba tundu la saa. Vitu hivyo vinaweza kununuliwa. Vinaweza pia kuigwa.

Hapo ndipo biashara ya vipuri vya ndani vya magari ya kale ya spoti ilipopata faida yake, na hapo hapo ndipo ilipopata hatari yake. Mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayeingia katika soko hili bila kujua kusoma kipuri anaweza kulipa bei ya asili kwa kitu kilichoshonwa mwaka jana.

KIPYA SI KINYEMI

Mfanyabiashara wa spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, amezoea kutenganisha jenuini na feki. Kwake kipuri bora ni kile kilichotoka kiwandani juzi, kikiwa ndani ya boksi lenye nembo na karatasi ya kuzuia unyevu. Katika soko la magari ya kale kanuni hiyo haitoshi. Kipuri kilichotengenezwa na mwenye nembo halali, lakini mwaka huu, kinaweza kuwa na thamani ndogo kuliko kile kilichochakaa kilichofungwa kwenye gari mwaka 1968. Methali ya kipya kinyemi ingawa kidonda hapa haifanyi kazi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuyatenganisha makundi ya vipuri, kwa sababu kila kundi lina bei yake.

Kundi la kwanza ni vipuri vilivyozaliwa na gari. Hivi havijawahi kutolewa, au vimetolewa na kurudishwa, na kumbukumbu zake zipo.

Kundi la pili ni vipuri vya wakati ule vilivyotoka kwenye gari jingine la mwaka na aina hiyo hiyo. Ni vya asili, lakini si vya gari hilo.

Kundi la tatu ni vipuri vya zamani visivyotumika, vilivyobaki ghalani kwa wakala tangu miaka hiyo. Vikiwa na lebo na boksi lake la zamani hutafutwa sana.

Kundi la nne ni vipuri vinavyotengenezwa upya na kiwanda chenyewe. Idara ya Porsche Classic, kwa mfano, imetoa upya dashibodi za 911 za zamani, kwa kuwa za mwanzo hupasuka kwa jua. Ni jenuini kisheria na kiufundi, lakini si za asili.

Kundi la tano ni kopi za makampuni mengine, zinazouzwa waziwazi kama kopi. Hizo ni biashara halali na zinasaidia magari kuendelea kutembea.

Kundi la sita ni kopi zilizozeeshwa makusudi: zimesuguliwa, zimepakwa vumbi, zimepigwa tarehe ya uongo na kuuzwa kama za kundi la kwanza au la pili.

Bidhaa moja inaweza kushuka kutoka kundi la kwanza hadi la tano bila kubadilika sura. Kinachobadilika ni ushahidi. Ndiyo maana wanunuzi wazoefu hawaulizi kama kipuri ni kizuri. Wanauliza kama karatasi, namba na uchakavu vinasema jambo moja. Vikikubaliana vyote vitatu, bei ya asili inalipwa. Kimoja kikipingana na vingine, bei inayostahili ni ya kopi, hata kama muuzaji ana maneno matamu.

KARATASI KWANZA

Kila Porsche ya miaka hiyo ilikuwa na kadi kiwandani, inayojulikana kama Kardex. Kadi hiyo iliandikwa namba ya chesisi, namba ya injini na ya giaboksi, rangi ya bodi, aina na rangi ya vitambaa vya ndani, pamoja na vifaa vya ziada vilivyoagizwa. Porsche hutoa kwa malipo hati inayoonyesha jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Kwa magari ya Kiingereza, Jaguar hutoa hati ya aina hiyo kupitia mfuko wake wa urithi, na magari ya MG na Austin-Healey hupata yake kwenye mfuko wa urithi wa magari ya Uingereza ulioko Gaydon.

Mnunuzi wa kipuri kimoja anaweza kujiuliza karatasi ya gari zima inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu kipuri hununuliwa ili kiuzwe kwa mwenye gari. Mwenye gari ambaye kadi yake inasema ndani palikuwa pekundu hatalipa bei ya juu kwa viti vyeusi, hata viwe vya asili namna gani. Kipuri kisicho na gari la kukihitaji kinakaa rafu, na mtaji unakaa nacho.

NAMBA INASEMA NINI

Kipuri cha Porsche cha miaka hiyo kina namba ya tarakimu 11, zilizogawanywa katika mafungu ya tatu, tatu, tatu na mbili. Fungu la kwanza linaonyesha aina ya gari ambalo kipuri kilibuniwa kwa ajili yake mara ya kwanza. Fungu la pili linaonyesha sehemu ya gari: 521 ni viti, 552 ni eneo la dashibodi na 641 ni mita. Tarakimu mbili za mwisho huonyesha toleo au mabadiliko.

Fungu la kwanza ndilo linalowaponza wengi. Gari hili lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901. Mwaka 1964 Peugeot ya Ufaransa ilipinga jina hilo, ikidai haki ya majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati, na Porsche ikabadilisha kuwa 911. Magari 82 tu ndiyo yaliyotengenezwa kwa jina la 901. Lakini namba za vipuri hazikubadilishwa. Kwa miaka mingi baadaye magari ya kawaida ya 911 yaliendelea kufungwa vipuri vyenye namba inayoanza na 901. Muuzaji anayeonyesha 901 nyuma ya kipuri na kudai kwamba kimetoka kwenye moja ya magari yale 82 anatumia ukweli mdogo kuuza uongo mkubwa.

Namba hiyo hiyo inaweza kutumika kwa namna ya kukana. Kipuri chenye fungu la 930 kilibuniwa kwa ajili ya 911 Turbo, gari lililotoka katikati ya miaka ya 1970. Hakiwezi kuwa kilifungwa kiwandani kwenye gari la mwaka 1967. Chenye 914 hakiwezi kutangulia gari la jina hilo lililotoka mwaka 1969. Kwa upande mwingine, kipuri chenye 644, namba ya zama za Porsche 356, kinaweza kukutwa kihalali ndani ya 911 za mwanzo, kwani kiwanda hakikutupa vitu ambavyo bado vilifaa. Namba ya zamani kuliko gari si kosa. Namba ya baadaye kuliko gari ni kosa.

TAREHE YA NYUMA

Mita tano za 911 zilitengenezwa na VDO ya Frankfurt. Kwenye gamba la chuma la kila mita, upande ambao dereva hauoni, hupigwa mhuri wa mwezi na mwaka. Mita iliyotoka kwenye gari la Septemba 1968 inatarajiwa kuwa na tarehe ya wiki au miezi michache kabla ya hapo, kwa sababu mita hutengenezwa kwanza, zikasafirishwa, ndipo zikafungwa. Mita ya Januari 1969 kwenye gari hilo imebadilishwa. Mita ya mwaka 1965 nayo imetoka mahali pengine.

Mita zote tano zinatakiwa kukaribiana tarehe. Seti yenye nne za mwaka mmoja na ya tano ya mwaka mwingine si ya kutupwa, ila si seti tena. Ni mita nne za asili na moja ya kuazima, na bei iandikwe hivyo.

Uso wa mita nao una habari. Magari ya miaka ya mwanzo yalikuwa na maandishi ya kijani, ya baadaye yakawa na maandishi meupe. Mita ya mizunguko ya injini hutofautiana kati ya 911 T na 911 S, kwani injini ya S iliruhusiwa kuzunguka zaidi na mstari wake mwekundu huanzia juu zaidi. Kwa kuwa S ni ghali kuliko T, kuna uso mpya wa karatasi au rangi unaobandikwa kwenye mita ya T. Mhuri wa nyuma haubadilishwi na uso mpya, na namba ya kipuri huonyesha mita ilizaliwa kwa gari lipi.

Usukani huchunguzwa vivyo hivyo. Usukani wa Momo huwa na jina la aina, kipimo na tarehe nyuma ya mikono yake ya chuma. Kampuni hiyo ya Italia ilianzishwa mwaka 1964 na dereva Gianpiero Moretti, kwa hiyo hakuna Momo iliyotoka kiwandani na gari la mwaka 1963. Usukani uliovalishwa ngozi mpya unaweza kuficha mhuri huo. Muuzaji akatae au akubali kuonyesha picha ya nyuma, jibu lake ni sehemu ya bei.

Wakati mwingine jina la kampuni ndilo tarehe. Viti vya Porsche 356 vilitoka kwa Reutter ya Stuttgart. Porsche ilipochukua kazi za bodi za Reutter mwaka 1963, upande wa viti ulibaki kama kampuni iliyofupisha jina lake kuwa Recaro. Mwaka 1969 Recaro ikaingia mikononi mwa Keiper. Kiti chenye lebo ya Keiper Recaro kinachouzwa kama cha gari la mwaka 1967 kimejitolea ushahidi chenyewe.

Maandishi ya nchi nayo yanasaidia, yakitumiwa kwa uangalifu. Kipuri kilichoandikwa kuwa kimetengenezwa Ujerumani Magharibi kinadai kutoka kabla ya nchi hiyo kuungana mwaka 1990. Lakini kipuri kilichoandikwa Ujerumani peke yake hakithibitishi lolote, kwani viwanda vingi viliandika hivyo hata miaka ya 1960. Maandishi ni msaada. Hayatoshi kutolea hukumu.

MALIGHAFI NA UCHAKAVU

Shahidi wa tatu ndiye mgumu kumwiga. Kwenye 911 za mwanzo dashibodi ilipambwa kwa ubao wa mti, baadaye kwa alumini iliyosuguliwa, kisha kwa ngozi ya bandia nyeusi yenye nakshi inayofanana na mkeka uliosukwa. Nakshi hiyo ya mkeka ilitumika pia kwenye sehemu za kati za viti. Kopi za leo mara nyingi hukosea ukubwa wa msuko: vijiti vyake ni vikubwa au vidogo kidogo kuliko vya asili, au vinang'aa kupita kiasi. Njia rahisi ni kuweka kipande cha asili kinachojulikana, hata cha ukubwa wa kiganja, kando ya kile kinachouzwa na kuhesabu misuko katika sentimita tano.

Baada ya uso, geuza. Upande usioonekana ndio ambao mwigaji huona uvivu kuufanyia kazi. Ubao wa paneli ya mlango wa miaka hiyo una rangi ya uzee hadi ndani ya nyuzi zake. Ubao mpya uliopakwa chai au rangi hubaki mweupe ukikwaruzwa pembeni. Matundu ya klipu yaliyotumika miaka 50 yamepanuka na kuacha alama ya kutu. Sponji ya zamani hubomoka na kutoa unga, na sponji mpya ikibanwa hurudi.

Uchakavu nao una mantiki. Dereva huingia na kutoka upande mmoja, kwa hiyo ukingo wa nje wa kiti chake huchakaa kabla ya ule wa ndani. Jua hufifisha sehemu ya juu ya kiti na kuacha rangi ya mwanzo chini ya mshono. Kiti kilichofifia sawasawa kila mahali hakikuchakaa kwa kukaliwa. Kimechakazwa mezani. Hali kadhalika zulia: kisigino cha dereva huchimba shimo mahali pamoja, hakisugui zulia lote.

KUUZA KISICHOKUWEPO

Tukirudi kwenye RS Sport, mtego wake ni wa pekee kwa kuwa mnunuzi analipia ukosefu. Anatafuta gari lisilo na saa, lisilo na kifuniko cha kisanduku cha dashibodi na lisilo na viti vya nyuma. Ni rahisi kuondoa vitu. Kazi ngumu ni kuondoa alama kwamba viliwahi kuwepo.

Gari lililozaliwa Touring lilikuwa na egemeo la mkono mlangoni, na egemeo lilifungwa kwa skrubu zenye matundu. Lilikuwa na viti vya nyuma na mazulia mazito yaliyobandikwa kwa gundi. Chini ya rangi mpya, gundi ya zamani na matundu yaliyozibwa huonekana kwa taa iliyolazwa pembeni, au kwa kidole. Wakaguzi huanza hapo kabla hata ya kuangalia viti. Kama bodi inasema Touring, viti vya Sport vilivyomo vinaweza kuwa vya asili kabisa na gari likabaki kuwa Touring.

Somo hili lina upande wa pili kwa muuza vipuri. Viti halisi vya Sport vikitenganishwa na gari lake hupoteza sehemu ya thamani, na gari nalo hupoteza. Kuna wanaovunja seti kwa sababu vipande vikiuzwa kimoja kimoja huleta fedha haraka. Kwa muda mfupi ni faida. Lakini kila seti inayovunjwa inapunguza idadi ya magari yanayoweza kuthibitishwa, na haiwezi kurudishwa kwa fedha yoyote.

KUSAFISHA KUNAWEZA KUTIA HASARA

Mwaka 2014 Porsche ilipata habari za gari bovu lililokuwa ghalani nchini Ujerumani. Lilikuwa limeliwa na kutu na lilikosa sehemu nyingi. Namba ya chesisi ilionyesha kuwa ni 901 namba 57, mojawapo ya yale 82. Jumba la makumbusho la kampuni lililinunua kwa euro 107,000, likalifanyia kazi kwa takriban miaka mitatu na kulionyesha Desemba 2017. Mnunuzi hakulipia hali ya gari. Alilipia utambulisho wake.

Kwa mwekezaji mdogo maana yake ni hii: fundi wa viti anaweza kufuta thamani kwa nia njema. Mwenye kiti cha asili kilichochanika hukipeleka kishonwe upya kwa ngozi nzuri, na kitambaa cha zamani pamoja na lebo vinatupwa. Kiti kinarudi kikipendeza, na kimeshuka kutoka kundi la kwanza hadi karibu na la tano. Kama ni lazima kushona, kitambaa cha zamani, lebo, klipu na springi vihifadhiwe kwenye mfuko na kuuzwa pamoja na kiti. Dashibodi iliyopasuka ipigwe picha kabla ya kuguswa. Mhuri wa mita usisuguliwe kwa msasa ili ung'ae.

HESABU YA MTAJI

Mfano wa kubuni unaonyesha ukubwa wa hatari. Tuseme mfanyabiashara ananunua jozi ya viti kwa dola 3,000 akiambiwa ni vya asili. Usafiri, bima na ada zinamgharimu dola 600, jumla dola 3,600. Vikithibitika anaviuza kwa dola 4,800 na kupata faida ya dola 1,200. Vikikutwa ni kopi anaviuza kwa dola 1,500 na kupata hasara ya dola 2,100.

Kwa viwango hivyo, katika kila jozi 11 lazima 7 ziwe za kweli ndipo asipate wala asipoteze: faida ya dola 8,400 kwa zile 7 inaliwa yote na hasara ya dola 8,400 kwa zile 4. Sasa tuseme anamlipa mkaguzi dola 150 kwa kila jozi kabla ya kununua, na mkaguzi anazikataa zile 4. Ada ya ukaguzi wa jozi zote 11 ni dola 1,650. Faida inayobaki ni dola 6,750. Soko ni lile lile, bidhaa ni zile zile. Tofauti nzima imetoka kwenye kuangalia nyuma ya kiti kabla ya kulipa. Rahisi ghali.

Hesabu hiyo hubadilika kwa magari ambayo kopi zake zimejaa. MGB ya Uingereza ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya magari 500,000, na vipuri vyake vipya vinapatikana kwa urahisi. Mwenye MGB anaweza kununua kiti kipya kizuri bila kusumbuka, kwa hiyo nyongeza anayokubali kulipa kwa cha asili ni ndogo, na ada ya ukaguzi inaweza kuimeza. Mtaji mdogo usidhani kwamba kila kipuri cha zamani ni hazina.

SOKO LIKO WAPI

Biashara kubwa ya vipuri hivi iko Ulaya na Marekani. Masoko ya wazi yanayojulikana zaidi ni Beaulieu, kusini mwa Uingereza, linalofanyika kila Septemba, na Hershey katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kila Oktoba. Huko mnunuzi hugeuza kipuri mkononi. Anayenunua kwa picha kutoka mbali hana nafasi hiyo, kwa hiyo adai picha za nyuma, za mihuri na za lebo, zote zikiwa na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo pembeni.

Afrika Mashariki haiko nje kabisa ya soko hili. Porsche 911 zilishindana katika mbio za Safari na kushika nafasi ya pili mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1974 kwa Björn Waldegård na mwaka 1978 kwa Vic Preston wa Kenya. Tangu 2003 mbio za magari ya kale za East African Safari Classic zimekuwa zikileta 911 nyingi kwenye barabara za kanda hii, na Waldegård alizishinda mwaka 2011 akiwa na gari hilo. Gari la mbio hufungwa viti vya mashindano na nguzo za kinga, na vitu vyake vya asili hutolewa. Gereji iliyowahi kushughulikia magari ya spoti ya miaka hiyo, zikiwemo Datsun 240Z zilizoshinda Safari mwaka 1971 na 1973, haina sababu ya kutupa kiti, mita au usukani wa zamani kabla ya kusoma mhuri wake.

Sheria nayo ipo. Kuuza kopi yenye nembo ya mwingine kana kwamba ni halisi kunaweza kumfikisha mfanyabiashara wa Tanzania mbele ya Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Nchini Kenya, Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ni ya mwaka 2008. Kopi iuzwe kwa jina la kopi.

KABLA YA KULIPA

Mwekezaji mdogo anashauriwa kufuata hatua hizi:

1. Andika mwaka, mwezi na aina ya gari ambalo kipuri kinadaiwa kutoka. Muuzaji asiyejua hayo hauzi kipuri cha kundi la kwanza.

2. Soma namba yote. Fungu la kwanza lisiwe la gari lililotoka baadaye.

3. Tafuta tarehe. Iwe kabla ya gari kukamilika, na isiwe mbali sana.

4. Linganisha jina la mtengenezaji lililo kwenye lebo na historia ya kampuni hiyo.

5. Geuza, nusa, bana na kwaruza pembeni kwa ruhusa ya mwenyewe.

6. Uliza kama uchakavu unalingana na namna mtu anavyokaa na anavyoshika.

7. Dai risiti inayotaja kundi la kipuri kwa maneno wazi, pamoja na haki ya kurudisha kama itathibitika vinginevyo.

8. Hifadhi picha, risiti na barua zote. Atakayenunua kesho atauliza maswali haya haya.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, ingawa haigharimu kitu. Mita mbili za mwezi mmoja na mwaka mmoja, moja ikiwa na karatasi zake na nyingine ikiwa na maelezo ya mdomo, haziuzwi bei moja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika biashara hii daftari ni sehemu ya mali yenyewe.